Mguu uliobaki kwenye ndege

Usiku wa kuamkia leo sijalala, kisiki cha mguu wangu uliokatwa kilikuwa kinawasha balaa, mvua zimeanza na mi mvua zikija huwa najua kabla hata ya watu wa hali ya hewa. Nikanunua bando la usiku nikawa nasoma habari za rubani mmoja Mwingereza wa ndege za kivita, Douglas Bader. Jina nililisikia mara ya kwanza kule Moshi, kwa fundi aliyenipima mguu wa bandia wa kwanza, nilikuwa nimenuna nasema mi kutembea ndo basi tena, yule mzee akaniambia huku anachanganya plasta, wewe umekatwa mmoja unalia, kuna mzungu alipigana vita angani hana yote miwili. Nikasema moyoni huyu ananidanganya ninyamaze.

Kumbe kweli.

Alikuwa na miaka 21 tu. Tarehe 14 Desemba 1931, kiwanja cha ndege cha Woodley karibu na mji wa Reading, wenzake wakamchokoza aoneshe mbwembwe zake chini chini, akakubali, akaanza kuviringisha ndege ikiwa karibu kabisa na nyasi, bawa la kushoto likagusa chini. Basi. Mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti, wa kushoto chini ya goti. Baadaye kwenye kitabu chake cha safari za anga aliandika maneno machache tu, kwamba alianguka akiviringisha ndege karibu na ardhi na kwamba amefanya vibaya. Hakusingizia jua, wala upepo, wala mkono wa mtu.

Hapo aisee nilitua simu kifuani kidogo. Maana mi miaka yote nikiulizwa mguu ulikatikaje nasema Fuso lilinifuata upande wangu. Fuso halikunifuata. Nilikuwa naliovateki kwenye kona, Morogoro, nyuma nimembeba mshkaji aliyekuwa ananitania kwamba pikipiki yangu haikimbii. Yeye alitoka na michubuko ya kiwiko.

Tuendelee. Miguu yake ilitengenezwa na kampuni ya kina Desoutter, na hawa nao wana stori, mmoja wao, Marcel, alikuwa rubani akapoteza mguu kwenye ajali ya ndege mwaka 1913, miguu ya wakati ule ilikuwa ya mbao mizito kama mchi, ndugu yake akakaa akamtengenezea wa madini mepesi yale ya kuundia ndege. Ndo biashara ikaanzia hapo. Bader akavaa, akaanguka, akavaa, akaanguka, na akagoma kabisa kushika fimbo. Watu wanaona ushujaa ila mtu aliyevaa bandia ataniuliza swali moja tu, alikuwa na magoti mangapi? Moja. Goti ni kila kitu jamani. Mi goti langu lipo na bado ngazi za daladala zinanitoa jasho, sasa ambaye upande mmoja hana goti akisema hataki fimbo, huyo hajiringi tu, huyo ana kichaa chake. Na kisiki kinachubuka, soksi inashika damu, unarudi home unavua unakaa unakiangalia kama mtoto mgonjwa.

Jeshi la anga likamstaafisha 1933, sio kwamba alishindwa kurusha, alishaonesha anaweza, ila kanuni hazikuwa na mtu wa aina yake. Akakaa ofisini kwenye kampuni ya mafuta miaka sita. Vita ilipoanza 1939 wakaona aah, marubani wanahitajika, wakamrudisha. Ukweli na ndege zenyewe zilimsaidia, kuna ndege breki zake unakanyaga kwa vidole vya mguu na yeye vidole atoe wapi, ila Hurricane na Spitfire breki unabana kwa mkono, kwenye ile fimbo ya kuongozea. Zile pedali za mkia alikuwa anazisukuma kwa nguvu ya paja.

Katikati ya mwaka 1940 akapewa kikosi namba 242, wengi wao Wakanada, wametoka kupigwa Ufaransa, wamechoka, hawana vifaa wala hamu, halafu wanaletewa kamanda anatembea kama boti. Hakuhutubia. Alipanda Hurricane akaenda kupindukapinduka juu ya vichwa vyao karibu nusu saa. Mwaka ule ule wa mapigano ya anga ya Uingereza akawa anang'ang'ania ndege zikusanyike nyingi ziruke kwa pamoja ndo zikamkute Mjerumani, wakubwa wakagombana sana kwa hilo, na mi nikisoma naona waliosema kujipanga kunapoteza muda walikuwa na hoja. Hesabu yake ya ndege za adui inatajwa 20 na ushee. Sio huko nilikokwama.

Nilikokwama ni tarehe 9 Agosti 1941, juu ya kaskazini ya Ufaransa. Spitfire yake ikakatika mkia, mpaka leo wanabishana kama aligongana na Mjerumani au alipigwa na mwenzake kwa bahati mbaya. Ndege inaporomoka, yeye kashafungua kioo, mwili nusu uko nje, upepo unamvuta, na mguu wa kulia umenasa ndani. Ule wa bandia. Anavuta hautoki, anavuta hautoki, ardhi inakuja, mwishowe mkanda wa ngozi unaoushika kwenye mwili ukakatika, yeye akabaki hewani na parachuti lake, mguu ukaenda na ndege. Angekuwa na mguu wa nyama angekufa siku ile. Nimeisoma hiyo sehemu nikajikuta nashika mkanda wangu gizani, nauvuta kuona kama umekaza.

Kilichofuata ni kichekesho. Wajerumani wakauokota mguu kwenye mabaki, umepinda, wakaunyoosha wakamrudishia wodini pale Saint-Omer. Adolf Galland, rubani wao mkubwa, akamwalika kikosini kwake, wakamkalisha hadi kwenye ndege yao, tena wakakubali Waingereza walete mguu mwingine kwa amani. Tarehe 19 Agosti ndege za Waingereza zikaja kweli, zikadondosha boksi la mguu kwa parachuti, halafu zikaendelea na safari ya kwenda kupiga mabomu. Wajerumani wakanuna. Na mgonjwa wao ule mguu walioukarabati aliutumia kutoroka, alifunga mashuka akashukia dirishani usiku, wakaja kumkuta kwenye kibanda cha bustani nyumbani kwa wazee wawili Wafaransa waliomficha. Alijaribu tena na tena mpaka wakatishia kumnyang'anya miguu, na 1942 wakampeleka Colditz, ile ngome ya wafungwa watundu kule Ujerumani.

Sasa Colditz ndo imeninyima usingizi kuliko mvua.

Kule alikuwa na askari wa kumhudumia, Mskoti, naye mfungwa. Kuoga Bader alikuwa anavua miguu, kwa hiyo yule askari alikuwa anambeba mgongoni, anashuka naye ngazi za ngome, anamngoja, anapanda naye tena. Kwa miaka. Ikafika siku Wajerumani wakakubali yule askari arudishwe kwao kwa kubadilishana wafungwa, kwa vile alikuwa mtu wa huduma ya kwanza. Akaenda kumwambia bosi wake kwa furaha. Bader akakataa. Kwa alivyosimulia yule askari mwenyewe uzeeni, alijibiwa kwamba alikuja pale kama mtumishi wake na atakaa kama mtumishi wake. Akakaa mpaka Wamarekani walipoikomboa ngome Aprili 1945.

Septemba mwaka ule Bader akaongoza ndege 300 kupita juu ya London kusherehekea ushindi, kisha akazunguka kuwatia moyo watu waliokatwa viungo, akapewa cheo cha Sir 1976 kwa kazi hiyo. Na huyo huyo akawatetea wazungu wachache waliokuwa wanatawala Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini. Nilitaka nimpende tu moja kwa moja, hataki.

Ila lililonichoma sio Rhodesia. Ni mgongo.

Mi miezi mitano nilibebwa na mdogo wangu. Dogo alikuwa kidato cha pili, choo na bafu viko nje nyuma ya nyumba, unapita pale bombani ambapo kina mama wanachota maji, na mi naona aibu kubebwa kama mtoto na mwanaume mzima nina ndevu, hasira zote nikawa namshushia yeye. Siku moja tope, kandambili yake ikateleza, tukayumba, hatukuanguka, nikampiga kofi la kichwa huku niko mgongoni kwake. Mbele ya wale kina mama. Hakusema kitu. Akanifikisha, akaniweka kwenye kigoda, akaning'inizia taulo mlangoni, akasema ukimaliza uniite kaka.

Sa hivi yuko Mwanza, anafanya kazi kwenye gereji. Hilo kofi hatujawahi kuliongelea. Saa kumi alfajiri nikamwandikia, nikafuta, nikaandika tena, mwishowe nikatuma, dogo unakumbuka ulivyokuwa unanibeba bafuni.

Amejibu asubuhi hii akiwa kazini, voisi fupi, nyuma kuna mtu anagonga bodi la gari. Anasema nakumbuka bro, ulikuwa unanikaba shingo nashindwa kupumua, alafu ulikuwa unaimba ukiingia maji ya baridi. Akacheka. Akaniuliza kisiki kinaendeleaje na mvua hizi.

Mi sikumbuki kama nilikuwa naimba. Nimeisikiliza hiyo voisi mara nne, sijamjibu bado.