Lubumbashi: ulale Golf, Kamalondo au mjini kati?

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, andika sehemu mbili utakazokwenda karibu kila siku. Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), ina komini 7, yaani wilaya za mji, na taksi-basi nyingi huishia mjini kati. Ukilala Bel-Air, komini ya Kampemba, na shughuli zako ziko chuo kikuu kule Kasapa, utashuka mjini na kutafuta gari la pili, kisha jioni hivyo hivyo. Afadhali mtaa wa Golf, ulio upande huo huo wa Kasapa.

Ila Golf inasifiwa kupita kiasi. Mwenye gari ataipenda: lupango kubwa (kiwanja chenye ukuta), miti, utulivu. Asiye na gari atatembea kando ya kuta ndefu mpaka barabara ya lami, na usiku atategemea dereva wa kuitwa kwa simu, anayetaja bei anayotaka. Tena ukiambiwa “ni Golf” bado hujaambiwa kitu. Uliza kama ni Golf Météo, Golf Plateau au Golf Faustin, na iko karibu na kanisa au shule gani.

Mjini kati kunamfaa mwenye siku chache: benki, kituo cha treni na kathedrali ya Petro na Paulo unafika kwa miguu. Ubaya wake ni jenereta za maduka, kwa hiyo omba chumba cha nyuma. Maduka yakifungwa barabara hubaki tupu. Hapo usitembee, panda taksi.

Mwenye fedha ya kiasi tunampeleka komini ya Kamalondo. Ukivuka Limite-Sud, mpaka wa zamani kati ya mji wa wazungu na makao ya Waafrika, umefika, na mjini ni karibu. Chakula kipo mpaka usiku, kelele za baa pia. Uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe, uliofunguliwa 2011, uko humo humo: siku ya mechi toka mapema au usitoke kabisa.

Komini za Kenya, Katuba na Ruashi ni za mwenye ndugu wa kumpokea. Mvua za Novemba hadi Machi hugeuza njia zisizo na lami kuwa tope, na gari dogo likikwama utamalizia kwa pikipiki, mzigo mgongoni.

Komini yoyote utakayochagua, usiulize “kuna umeme?” Utajibiwa kuna. Uliza SNEL, shirika la umeme, ikikata, jenereta inawashwa saa ngapi mpaka saa ngapi, na kama inafika vyumbani au inaishia mapokezi. Maji vilevile: ni ya REGIDESO, shirika la maji, peke yake au kuna kisima na tanki? Tanki la lita 1,000 kwa wageni 10, kila mmoja akitumia lita 50, linaisha siku ya pili. Ukija Juni au Julai, maji ya moto si anasa. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku baridi inauma; dai blanketi la pili kabla hujalala.

Lipa usiku mmoja kwanza, kwa dola safi. Noti iliyochanika ukingoni, hata kidogo, hurudishwa, na ya dola 1 wengi hawaitaki.