Kumbukumbu ya mradi: kuhesabu falaropi wa Loch of Funzie, kisiwani Fetlar

Loch of Funzie ni ziwa dogo la maji baridi kwenye kisiwa cha Fetlar, Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Barabara inapita kando yake, na jirani kuna kinamasi chenye vidimbwi ambamo falaropi shingo-nyekundu huzaliana. Ni ndege wa sentimita 18 hivi, uzito gramu 35 au karibu na hapo, na Uingereza nzima ana maeneo machache mno ya kutagia. Fetlar ndiyo ngome yake. Lengo la mradi ni kupata hesabu inayosema kweli juu ya viota, bila mtu kukanyaga kinamasi.

Jedwali: toleo la kwanza limetupwa

Toleo la kwanza lilikuwa na tarehe, saa na idadi tu. Halifai kwa ndege huyu. Kwa falaropi, jike ndiye mkubwa kidogo na ndiye mwenye rangi kali: shingo nyekundu ya kutu, koo jeupe pe, kichwa cha kijivu kilichoiva. Dume ana ramani hiyohiyo ya rangi, ila imefifia na kuchanganyika na kahawia. Anayehesabu kwa mazoea ya ndege wengine huandika kinyume, na kosa hilo halionekani tena mara karatasi ikishafungwa.

Halafu kuna uzito wa kazi. Jike hugombea mume, hutaga mayai manne, kisha humwachia dume kila kitu. Akipata dume wa pili hutaga tena. Dume huatamia siku 17 hadi 21 na kulea makinda peke yake. Kwa hiyo majike sita ziwani mwanzoni mwa Juni si viota sita. Na kuanzia mwishoni mwa Juni majike huanza kuondoka, idadi ziwani inashuka, wakati huohuo ulezi umepamba moto kwenye majani. Jedwali lenye safu moja ya idadi lingeonyesha ndege wanaisha.

Toleo la sasa lina safu sita: saa, jike, dume, asiyetambulika, kinda, tabia. Safu ya "asiyetambulika" ni ya lazima. Ikikosekana, mtu hubahatisha.

Saa zote zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24. Katikati ya Juni, jua hukaa juu ya upeo kwa takriban saa 19: linachomoza saa tisa na nusu usiku kwa hesabu yetu na kuzama saa nne na nusu usiku. Ukiandika "saa 4" karatasini, kuna mwanga wa kuhesabia kwa tafsiri zote mbili, ya kwetu na ya wenyeji. 04:10 haina utata.

Kikao cha kuhesabu

Kikao ni saa mbili. Kila dakika 10 darubini inapitishwa mara moja kutoka kushoto kwenda kulia kwenye ukingo wote unaoonekana, bila kurudi nyuma. Kinachoandikwa ni walioonekana katika mpito huo mmoja. Mwisho wa kikao tunachukua namba kubwa kuliko zote kwa kila jinsia. Hatujumlishi mipito kamwe, maana ndege yuleyule atahesabiwa mara kumi na mbili.

Darubini ya stendi yenye ukuzaji wa mara 20 hadi 30 inatosha. Ukipanda hadi 60, picha inatetemeka kwa upepo na eneo unaloona linakuwa dogo mno kwa ndege asiyetulia. Shusha miguu ya stendi ukae chini, ning'iniza mfuko wa mawe katikati yake. Upepo ukifika daraja la 4, yaani kilomita 20 kwa saa na zaidi, ahirisha: mawimbi madogo tu yanamficha ndege anayeelea mwepesi kama kizibo, na wengi hujibanza kwenye ndago. Kikao cha upepo hakiandikwi sifuri. Kinaandikwa "hakikufanyika".

Falaropi hana woga na mtu aliyetulia. Anayekaa kimya ufukweni kando ya barabara anaweza kumwona akila hatua chache tu kutoka miguuni, akizunguka majini kama pia, mzunguko mmoja kwa sekunde hivi. Mzunguko huo huvuta maji ya chini yapande juu pamoja na vidudu, naye huvidona kimojakimoja. Chakula kikubwa hapa ni usubi na viluwiluwi vyao. Ndiyo maana asubuhi tulivu zenye usubi mwingi, zinazomtesa mwenye darubini, ndizo zenye hesabu bora. Vaa wavu wa kichwani, mikono iwe huru.

Tatizo ambalo bado linasumbua ni madume. Dume anayeatamia hutoka kula kwa muda mfupi, kisha hurudi, na mwenzake wa kiota kingine hutoka baadaye. Namba kubwa ya pamoja inakuwa ndogo kuliko ukweli. Dawa iliyosaidia ni watazamaji wawili, saa zimelinganishwa hadi sekunde: mmoja ziwani, mwingine kwenye kibanda cha kutazamia kinamasi. Kila dume anayeruka kutoka ziwani huandikwa dakika na uelekeo wa dira. Madume wawili wanaoshuka sehemu mbili tofauti ndani ya dakika chache ni dalili njema ya viota viwili. Makinda wakishaanguliwa, dume huanza kupiga kelele za tahadhari akiwa pale pale; sauti hizo hupigiwa alama kwenye ramani kwa mbali.

Kufuata kiota kwa miguu ni marufuku katika mradi huu. Falaropi yumo kwenye orodha ya ndege waliolindwa mahususi na sheria ya wanyamapori ya 1981. Kumsumbua kiotani bila kibali ni kosa. Zaidi ya sheria, majani yaliyolazwa na mguu ni njia iliyofunguliwa kwa mla mayai.

Mzamiaji koo-jekundu

Huyu ni ndege wa pili katika hesabu, mkubwa kuliko falaropi, anayezamia kuvua samaki. Tumemwongeza kwa sababu yupo mbele ya macho kila siku. Wanashetland humwita "rain goose", bata bukini wa mvua. Wanaokusanyika Loch of Funzie kuoga na kupumzika si lazima wawe na viota, hivyo kundi haliandikwi kama jozi. Wanaozaa hutumia vidimbwi vidogo vya mbali, hutaga mayai mawili ukingoni kabisa kwa sababu miguu yao iko nyuma mno na nchi kavu wanajikokota. Mvua ikipandisha maji, kiota kinazama. Ukame ukishusha maji, kuna ukanda wa matope wa kuburuza tumbo.

Vidimbwi hivyo havina samaki wa kutosha, kwa hiyo wazazi huvua baharini. Mzamiaji anayeruka kutoka pwani na samaki mdomoni anakuonyesha kuna kinda: andika nyuzi za dira na dakika. Mistari miwili kutoka sehemu mbili za kutazamia ikikatana kwenye ramani, kidimbwi kimepatikana bila kukisogelea.

Majani na maji

Hesabu ina maana ikiwekwa karibu na hali ya kinamasi. Ndago zikiachwa zienee, vidimbwi hufunga na falaropi hana maji wazi ya kulishia makinda. Mifugo ikizidi, majani yanayoficha kiota yanaliwa. Anahitaji vyote viwili bega kwa bega. Tunapiga picha nne kutoka nukta zilezile, mwanzoni mwa Juni na mwanzoni mwa Agosti. Kazi yoyote ya kuchimbua vidimbwi upya ni ya wenye hifadhi, na msimu wake ni baada ya ndege kuondoka.

Wanakokwenda

Kwa muda mrefu ilidhaniwa falaropi wa Shetland hufuata wenzao wa Skandinavia hadi Bahari ya Arabu, ambako wavuvi wa Oman huwaona wakielea mbali na nchi kavu wakati wa majira ya baridi ya kaskazini. Mwaka 2012 baadhi ya ndege wa Fetlar walifungwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga; saa za jua kuchomoza na kuzama huonyesha ndege alikuwa wapi. Mmoja alikamatwa tena 2013, na rekodi yake ilionyesha amevuka Atlantiki, akashuka pwani ya mashariki ya Amerika, akapita Karibi hadi Pasifiki, akakaa kati ya Galapagos na pwani ya Ecuador na Peru. Safari ya kwenda na kurudi ilikuwa takriban kilomita 26,000. Kwa hiyo safu ya tabia sasa ina kisanduku cha "mguu": una pete ya utambulisho ya watafiti au hauna, kulia au kushoto. Ndege akiwa majini huoni kitu. Subiri apande jiwe kujisafisha.

Kinachofuata ni fomu ya Agosti, ya makinda wanaoogelea wenyewe. Rangi zao ni kahawia na manjano, na kwenye mwanga hafifu huandikwa madume. Fomu itakuwa na mchoro wa mgongo: kinda ana michirizi safi ya dhahabu, dume mzima ana manyoya yaliyochakaa.