Nilivyowapeleka wanaume wa ukoo wetu kupima tezi dume

Baba alianza kuamka usiku kwenda haja ndogo miaka mingi kabla hajafa. Mwanzoni mara mbili, baadaye mara nne, kisha nikaacha kuhesabu. Chumba changu kilipakana na choo, kwa hiyo nilisikia kila kitu: mlango, kimya kirefu, matone machache, kimya tena. Usiku mmoja nilitoka nikamkuta amesimama, kiganja ukutani, paji la uso limelalia kiganja, anasubiri mkojo uje. Aliponiona akasema, "Nenda kalale, mwanangu. Ni uzee tu." Nikaenda kulala.

Mgongo ulipoanza kumuuma tukasema pia ni uzee. Alipewa dawa za maumivu miezi nenda miezi rudi. Siku alipopimwa damu, PSA yake, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilikuwa zaidi ya 800, na saratani ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo na nyonga. Aliishi mwaka mmoja na ushei baada ya hapo.

Baadaye daktari alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Uzee unapoivimbisha, mara nyingi huvimba sehemu ya ndani inayoubana mrija, ndiyo maana mtu anahangaika na mkojo. Saratani, kwa kawaida, huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na mrija. Inaweza kukaa miaka bila kugusa mkojo, bila kuuma, bila kumwamsha mtu usiku. Yale mahangaiko ya baba huenda hayakuwa saratani kabisa. Lakini kama angekwenda kwa sababu hiyo, wangempima, na huenda wangeikuta ikiwa ndogo. Mtu anayengoja dalili, basi, anangoja kitu ambacho kwa wengi huja wakati ugonjwa umeshatoka nje ya tezi.

Niliyajua haya yote, na bado nilikaa miaka miwili bila kwenda. Naliandika hili kwa sababu wanaume wengi wanaoahirisha wanaelewa vizuri tu. Nilikuwa na miaka 46. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa kuzaliwa amepata saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine. Sisi wanaume weusi tuna mzigo wa ziada: Uingereza inakadiriwa mwanaume mweusi 1 kati ya 4 ataipata maishani, wakati kwa wanaume wote ni 1 kati ya 8. Ndiyo maana Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri mwanaume wa kawaida azungumze na daktari kuhusu kupima akifika miaka 50, na mwenye hatari kubwa kama mimi akifika 45.

Nilipokwenda hatimaye, niliambiwa mapema kwamba kwa siku mbili kabla nisikutane na mke wangu na nisiendeshe baiskeli, maana vyote viwili vinaweza kupandisha PSA. Wakatoa damu mkononi, kichupa kimoja. Kwa sababu ya historia ya baba, daktari akapendekeza na kipimo cha kidole. Nitakisimulia kilivyokuwa, kwa sababu ndicho wanaume wanachokiogopa na hakuna anayewasimulia. Nililala ubavu wa kushoto, magoti nimeyavuta kifuani. Akavaa glavu, akapaka jeli, akaniambia nivute pumzi na kuitoa taratibu. Nilihisi kubanwa, kama mtu anayetaka kwenda haja kubwa. Hakukuwa na maumivu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo na sikufika kumi, akawa amemaliza, ananipa karatasi ya kujifutia. PSA yangu ikaja 1.3. Niliikunja ile karatasi ya majibu nikaiweka kwenye pochi, na hiyo karatasi ndiyo iliyokuja kufanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Maneno yangu ya kwanza yalishindwa vibaya. Ilikuwa kikao cha familia, tumekusanyika kumkumbuka baba. Nikasimama. Nikasema takwimu, nikaeleza alivyoteseka miezi ya mwisho, nikamalizia kwa "mficha maradhi kifo humuumbua". Nikaona vichwa vimeinama. Baba mdogo akawa anaangalia viatu vyake. Kaka yangu mkubwa akanyanyuka akatoka nje, na aliporudi akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemtukana mzee mbele ya wanawe." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimetumia kifo cha baba kuwatisha watu ambao tayari walikuwa wamejaa hofu, kisha nikawaacha nayo waende nayo nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kupima.

Nilikaa kimya miezi kadhaa. Kisha nikabadili njia. Niliacha kuzungumza na kundi, nikaanza na mtu mmoja mmoja, na kila mara nilianza na habari zangu mwenyewe. Kwa kaka nilitoa ile karatasi kwenye pochi nikamwekea mezani. Sikusema "nenda". Nilisema, "Kaka, haya ni yangu. Niliogopa miaka miwili." Akaisoma mara mbili. Akauliza, "Hii 1.3 ni nini?" Hapo mazungumzo yakafunguka.

Nikamweleza kwamba PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, ikivuja kidogo kwenye damu inapimwa kwa nanogramu kwa mililita. Zamani madaktari wengi walichukua 4 kuwa mpaka, siku hizi wanaangalia pia umri wa mtu na jinsi namba inavyokwenda mwaka hadi mwaka. Ikipanda, haimaanishi saratani moja kwa moja; uvimbe wa uzee unaipandisha, na maambukizi ya njia ya mkojo vilevile.

Akaniuliza lile swali ambalo najua lilikuwa limemkaa kooni tangu mwanzo. "Na kile kidole?" Nikamwambia kwamba mahali pengi siku hizi wanaanza na damu tu, na kama daktari atakitaka, anaweza kukataa na bado damu yake ikapimwa. Nilimwona mabega yakishuka. Miaka yote hiyo alikuwa anakikimbia kitu ambacho huenda asingefanyiwa. Tangu siku ile, nikizungumza na mwanaume yeyote, naanza na damu. Naona matangazo mengi ya kuhamasisha yanakosea hapa, yanatia mkazo ujasiri wakati mtu anachohitaji ni kujua atafanyiwa nini.

Swali la mwisho lilikuwa zito. "Wakiikuta, si ndiyo mwisho wa uanaume wangu?" Sikumficha. Upasuaji na mionzi vinaweza kuathiri nguvu za kiume, na wengine wanabaki na tatizo la mkojo kuvuja. Lakini kukutwa na saratani hakumaanishi kukatwa kesho yake. Saratani nyingi za tezi dume zinakua polepole sana. Kuna utafiti wa Uingereza uliogawa wanaume 1,643 waliogunduliwa kwa PSA mapema: kundi moja upasuaji, jingine mionzi, jingine kufuatiliwa tu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023, baada ya kama miaka 15, yalionyesha kwamba katika kila kundi takriban 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Ni kweli kwamba kwa waliofuatiliwa ilisambaa zaidi kuliko kwa wengine, na hilo nilimwambia pia. Nikamtajia Nelson Mandela, aliyetibiwa kwa mionzi mwaka 2001 akafariki 2013 akiwa na miaka 95, na Desmond Tutu, aliyeambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1997 akaishi hadi 2021. "Kumbe Mandela naye?" akasema. Akanyamaza kidogo. "Tutakwenda lini?"

Neno hilo "tutakwenda" ndilo nililolishika. Nilijifunza kwamba mwanaume akikubali, usimwache na ahadi ya "wiki ijayo". Nilipanga siku hapo hapo, nikamwambia nitampitia mwenyewe. Kaka akamvuta shemeji yetu, shemeji akaja na binamu, binamu akamleta baba mdogo. Siku hiyo tulikaa wanaume watano kwenye benchi moja. Baba mdogo, mtu wa miaka 63, alikuwa anaisokota kofia yake mikononi mpaka ikapoteza umbo. Alipoitwa aliniangalia, nikanyanyuka nikaenda naye hadi mlangoni. Hakusema kitu.

Mjomba wetu mkubwa sikumchukua, ingawa aliniomba. Alikuwa na miaka 78 na moyo wake ulikuwa dhaifu. Miongozo mingi haishauri wanaume waliovuka 70 wasio na dalili kupimwa kwa mkupuo, kwa sababu kwa umri huo, hasa mtu akiwa na maradhi mengine makubwa, uwezekano wa kumsumbua kwa vipimo na matibabu unazidi faida. Nilimshauri amuulize daktari wake wa moyo kwanza. Kuhamasisha si kumsukuma kila mtu.

Majibu yalikuja tofauti tofauti. Shemeji alikuwa salama. Baba mdogo alipata 2.4, na angeondoka akidhani ni nzuri tu kama daktari asingemuuliza anatumia dawa gani. Alikuwa anameza finasteraidi kwa ajili ya uvimbe wa tezi, na dawa hiyo ikitumika kwa miezi inashusha PSA kwa karibu nusu. Kwa hiyo namba yake halisi ilikuwa karibu na 5. Wakampa kipimo cha MRI, kile cha picha za ndani ya mwili, hawakuona kitu cha kutia shaka, wakampangia kurudi. Kama una mzee anayetumia dawa hiyo, hakikisha inatajwa kabla majibu hayajasomwa.

Binamu alipata 5.1. Alinipigia usiku, sauti imekauka. Walipompima mkojo wakakuta maambukizi. Akatibiwa, akasubiri wiki kadhaa, akarudia: 1.9. Lakini zile wiki zilikuwa ngumu, na mkewe aliniambia alikuwa halali. Huo ni upande wa kupima ambao wahamasishaji hawapendi kuutaja, nami nautaja kila mara: unaweza kupata hofu ya bure, unaweza kuchukuliwa vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa uchunguzi, utoke damu siku kadhaa au upate maambukizi, kisha isionekane saratani. Mtu akiambiwa mapema, namba ikipanda hachanganyikiwi, na hamwoni aliyempeleka kama mdanganyifu.

Na kaka. Yake ilikuwa 6.8. Ikarudiwa, 6.5. MRI ikaonyesha doa dogo upande wa nyuma, pale pale daktari aliponieleza kwamba huanzia. Wakachukua vinyama. Tulikwenda pamoja kusikiliza majibu. Daktari aligeuza karatasi ili tuione wote, akaweka kalamu kwenye neno Gleason, kipimo cha ukali wa saratani hii, na namba 6, akasema ni saratani, na kwamba katika kipimo hicho 6 ndiyo ya chini kabisa inayotolewa siku hizi, inayokwenda hadi 10. Akapendekeza ufuatiliaji wa karibu: PSA kila baada ya miezi sita, MRI na vinyama tena kwa wakati wake, na matibabu kama itaonekana inabadilika. Kaka aliuliza swali moja tu: "Ya mzee ilikuwa ngapi?" Nikamwambia 9. Akatikisa kichwa polepole. Tulipofika nje alinishika mkono akaushikilia muda mrefu, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu utotoni.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Kaka hajapasuliwa, hajachomwa mionzi, anakwenda kazini kama kawaida. Siku hizi yeye ndiye anayezungumza na wanaume wengine, na anaanza na namba zake kama nilivyoanza na zangu. Kijana wake wa miaka 24 ameshaambiwa atakapofikisha miaka 40 aanze kuzungumza na daktari, na ataje babu na baba.

Mwaka huu zamu yangu ilipofika nilikuwa nimebanwa na kazi, nikaahirisha wiki mbili. Kaka akapiga simu. "Mdogo wangu, umepima?" Nikasema nitakwenda. "Sasa una mzee na una mimi," akasema. "Kesho nakupitia." Asubuhi akaja kweli. Tulikaa kwenye benchi, nikajaza fomu. Ina mstari unaouliza kama kuna mtu wa familia aliyepata ugonjwa huu. Mara ya kwanza niliandika neno moja, baba. Safari hii nikaandika baba, nikaweka mkato, nikasita. Kaka alikuwa anaangalia. Akanyoosha kidole akagonga pale kwenye nafasi tupu, nikaandika kaka.