Mashini ya kupasua kuni ikikosa nguvu, sikiliza injini kwanza

Huku Elburgon na Molo biashara ya kuni bado iko, shule zinapikia kuni, viwanda vya majani chai upande wa Kericho vinachoma mikaratusi kwa boila, na kuna watu wameamua kununua mashini za petroli za kupasua magogo wakaachana na mambo ya shoka. Shida ni siku ile inaanza kusumbua, maana fundi unayemuita hajafika hata karibu na mashini ashasema pampu imeisha, toa pesa. Kwangu mimi pampu, ile inayosukuma oili kwa silinda ili rodi isukume kabari ipasue gogo, ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Anza na masikio. Weka gogo gumu la mkaratusi, lile la fundo, sukuma leva, na kabari ikigusa mti usiangalie kabari, sikiliza injini. Ikilemewa ikaanza kuguna ama ikazima kabisa, ujue presha inatengenezwa. Lakini kabari ikikwama na injini inaendelea tu na resi yake kama haijasikia chochote, presha haipo ama inapotelea njiani. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya kila siku.

Pampu nyingi za hizi mashini zina gia za aina mbili ndani, kubwa na ndogo. Kabari ikitembea bure gia zote zinasukuma oili kwa hiyo inakimbia, ikishika mti presha ikifika kama psi (kipimo cha presha) 500 hivi au 600 kuna valvu ndani inaachilia ile gia kubwa, inabaki ndogo peke yake, mwendo unapungua nguvu inapanda, kama lori ikirudishwa gia ya kwanza pale mlimani. Hiyo valvu ikikwama na uchafu isiachilie, injini inazima kila ukigusa gogo. Na kama mashini inaenda polepole hata bila gogo, hapo angalia oili ama chujio lililo ndani ya tangi, likiziba pampu inanyimwa oili na utasikia inalia.

Oili yenyewe inaongea. Ikiwa na povu kuna mahali inavuta hewa, mara nyingi ni klipu ya paipu ile nene inayotoka kwa tangi, na hiyo haivuji nje ndiyo maana haionekani. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa kuna maji, imwage yote. Na tafadhali weka oili ya haidroliki, namba 32 au 46, si ile oili chafu umetoa kwa pikapiki.

Mashini ikikataa kusonga kabisa na injini inawaka vizuri, zima, chungulia katikati ya injini na pampu. Hapo kuna kapulingi yenye raba katikati. Ukikuta makombo meusi ya raba chini yake, pampu haizunguki hata kidogo, na raba hiyo ni ya bei rahisi ukilinganisha na pampu.

Sasa kuna mzee jirani yangu, yake ilikuwa inakimbia vizuri ikifika kwa mti inasimama, injini haishtuki. Akaniambia, "Kijana, wamesema ninunue pampu ingine." Nikamwambia, "Mzee, ngoja kwanza tupime silinda, pampu haitoroki." Tukasukuma rodi, kile chuma kinachotoka kwa silinda, mpaka mwisho wake, tukazima injini, tukachezesha leva mbele na nyuma kutoa presha. Halafu tukafungua hosi ya upande wa rodi, tukaiziba mdomo na plagi, na pale kwa tundu la silinda tukafunga kipande cha hosi kikaingia kwa ndoo. Tukawasha, akashikilia leva ile ile ya kusukuma. Ya kurudisha usiiguse hapo hata kwa bahati mbaya. Oili ikaanza kumwagika ndani ya ndoo na haikuacha. Matone kidogo mwanzoni ni kawaida, lakini ikitiririka bila kukoma inapita kando ya pistoni, sili, zile pete zinazoizunguka kuzuia oili, zimekwisha. Pampu ilikuwa nzima. Pistoni ikapelekwa Nakuru mjini ikapimiwa sili, basi.

Na ukitafuta mahali oili inavuja usipapase hosi na mkono, tumia kipande cha katoni. Tundu dogo kama la sindano kwa presha hiyo inaingiza oili ndani ya ngozi, haiumi sana mwanzoni lakini hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna wengine wakiona nguvu imepungua wanakaza tu skrubu ya valvu ya presha bila geji. Achana nayo. Silinda ya inchi nne kwa psi 2,500 inakupa kama tani 14, hata stika iseme nini, na ukizidisha hosi ndiyo itakujibu.

Sasa turudi kwa ile inayozima. Kabla ya kufungua pampu kumbuka tuko juu. Honda wenyewe kwa vitabu vya injini zao wanasema nguvu inashuka karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Nakuru mjini ni kama mita 1,850, Molo kama 2,500, yaani Molo umepoteza zaidi ya robo ya nguvu hata kabla ya kuweka gogo, na kama kabureta ina jeti (kile kitundu cha kupitishia petroli) ya nchi za chini inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, inakuwa mbaya zaidi. Toa plagi ya injini uiangalie, ikiwa nyeusi ya masizi na moshi pia ni mweusi, badilisha jeti kuu iwe ndogo kidogo, na safisha filta ya hewa maana vumbi la mbao huziba haraka. Ila ukipata kazi Kisumu ukashuka nayo huko, rudisha jeti ya kwanza, kwa sababu huko hewa ni nzito, petroli itakuwa kidogo na injini itachemka.