Mama wa majani ya mstafeli

Moshi, Jumamosi usiku

Leo nilikwenda Arusha kufuata vitambaa. Sare za kwaya zinataka rangi moja, na hapa Moshi ukishamaliza jora la kwanza, la pili linakuja limepauka kidogo, halafu Jumapili wanasimama mbele ya kanisa soprano wana zambarau yao na alto wana yao. Nilimaliza mapema. Saa nane nilikuwa stendi, konda akanisukumia kiti cha nyuma kabisa kwenye kosta, pale unaporushwa kila penye tuta. Mzigo miguuni, na pembeni yangu mama mmoja mtu mzima, kapu mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sogea, usiogope, hili kapu halina kuku."

Tulipofika Tengeru wauza ndizi wakagonga vioo. Akanunua ndizi mbivu, akanimegea tatu. Nikamwambia asante, nimeshiba. Akanitazama kama anavyotazama mtu aliyelea watoto wengi, akashusha sauti: "Sukari?"

Sijawaambia hata ndugu zangu. Hapa penyewe niliandika mara moja tu, Februari, siku nilipopimwa asubuhi kabla sijala ikatoka 9.4, na daktari akanieleza kwamba mtu hajala, ikifika 7 kwenda juu na ikirudiwa ikawa vilevile, hicho ni kisukari. Ikarudiwa. Toka siku hiyo nameza vidonge vya metformin na nanyamaza. Sasa mtu nisiyemjua hata jina ananiuliza kwenye kiti cha nyuma, nami nikajibu ndiyo, upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Kutoka hapo mpaka njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA alisema yeye. Yake ilikuwa 22. Usiku anaamka mara sita, macho yana ukungu, chungu cha maharage anakiona viwili. Mkwe wake akamletea majani ya mstafeli. Anachemsha saba, hayazidi, anakunywa glasi asubuhi na glasi jioni. Mwezi wa nne akapima, 6. Vidonge je? "Nilivimwaga chooni, mwanangu." Akapandisha kanga akanionyesha miguu. Miguu mizuri kweli, haina kidonda hata alama. Halafu akafunua kapu, akatoa fungu la majani lililoviringishwa kwenye gazeti, akaniwekea juu ya vitambaa vyangu.

Nikaanza kufungua pochi. Akanipiga kofi la mkononi. "Sikuuzii. Kwani nimekwambia nauza?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Angetaja bei, hata elfu mbili, ningejua la kufanya, maana mwenye kuuza kila mtu anajua namna ya kumsikiliza, sikio moja tu. Huyu hakutaka kitu. Bomang'ombe ikapita, Kwa Sadala akashuka, akanipungia akiwa tayari anabishana na wa bodaboda, na mimi nimebaki na majani yake na imani nzima, haijapungua hata robo. Nilimwamini. Na bado namwamini nikiandika hivi, ndiyo maana silali.

Kwa sababu mama yangu naye alikuwa mtu wa namna hiyo.

Aliyekuwa Moshi au Arusha Machi 2011 hahitaji kukumbushwa. Kule Loliondo, kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Masapila, ambaye watu walimwita Babu, alisema Mungu amemwotesha dawa, mizizi ya mti wanaouita mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, unakunywa mara moja basi. Kisukari, pumu, saratani, mpaka UKIMWI. Foleni ya magari ilizidi kilomita 20, watu wakalala porini, na mwisho wa mwezi ule Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwanza mpaka waliopo wapungue. Wakubwa walikwenda, wengine kwa helikopta. Lakini Mama hakwenda kwa sababu ya wakubwa. Alikwenda kwa sababu ya mwanamume mmoja kwenye Hiace ya Kiboriloni aliyesema amejichoma insulini miaka tisa na sasa anakula ugali kama kijana. Mama hakumjua, wala hakumwona tena.

Tukachanga, laki na nusu ya nafasi kwenye Land Cruiser. Siku nne foleni. Alirudi kabadilika rangi kwa vumbi, na alikuwa mwepesi. Nasema alichosema yeye: "Najisikia mwepesi." Alitusimulia yote, kikombe cha plastiki, maji yenyewe kama chai ya mizizi iliyopoa, kijana aliyekuwa akipitisha vikombe kwenye madirisha ya magari, mwanamke aliyeimba tenzi usiku kucha kwenye gari la mbele. Kila neno lilikuwa kweli. Naandika hivi kwa sababu kuna watu husema mwongo utamjua kwa kukosa vitu vidogovidogo, mwulize kikombe kilikuwa rangi gani utamkamata. Mama yangu ungemuuliza mpaka jogoo awike. Rangi ya kikombe alikuwa nayo.

Na sukari ilikuwa imeshuka kweli, tulipima. Leo naona siku nne za biskuti chache na maji zilitosha kushusha sukari ya mtu yeyote, na mtu aliyelia na kuomba na watu wote wale lazima arudi mwepesi. Wakati ule hakuna aliyeona. Aliacha vidonge. Wiki saba alizunguka mtaani na kwenye jumuiya akisema nimepona, na sauti yake ilikuwa ile ile ya yule mama wa leo, isiyouza kitu. Kwa neno lake likajaa gari zima la watu wa mtaa wetu.

Halafu kukawa na kipaimara, na viatu vipya vilivyombana. Lengelenge dogo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa mwezi wa saba.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa kwenye lile gari, yeye na mume wake aliyekuwa na figo. Mume alikwishazikwa alipokuja kumwona Mama. Alikaa, akapewa chai, akakoroga muda mrefu chai isiyo na sukari.

"Dada, si ulituambia umepona?"

Mama akamtazama. "Nilikuwa nimepona."

Hawakusema kingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, na kwa miaka mingi nilidhani Mama alikuwa anajitetea. Siku hizi nadhani alikuwa anajibu swali. Siku aliyosema, alikuwa amepona. Neno lilikuwa la kweli lilipotoka mdomoni, likapanda magari likaenda Rombo, likaenda Same, na lengelenge likabaki nyumbani. Hakuna aliyerudi kwenye kila Hiace kuongeza habari ya vidole. Angezipataje? Na yule mwanamume wa insulini, huenda naye alikuwa katikati ya wiki zake saba. Huenda alikufa Juni. Waliokufa hawapandi kosta kusimulia, wala wale ambao walikunywa wasione chochote, maana utaanzaje mazungumzo na mgeni kwa kumwambia kwamba ulikwenda mahali na hakuna kilichotokea?

Kwa hiyo nisimwamini mtu? Hapo ndipo ninaposhindwa, na anayenishindisha ni huu mlima ulio nyuma ya nyumba, Kilimanjaro.

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka pwani akaja huku Uchagani akiongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Mei ile akaona weupe juu ya mlima. Aliandika kwamba Bwana Kheri aliuita ule weupe baridi tu. Hilo nalipenda sana. Mtu wa pwani, hana neno la kitu kile, akasema alichojua mwili wake. Rebmann yeye alitoka kwenye nchi ya theluji, akasema theluji. Habari ikafika London, na bingwa mmoja wa jiografia, Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii hata kwa kupotea njia, akaandika kwamba haiwezekani, theluji karibu na ikweta ni macho ya mmisionari yamemdanganya. Alishikilia hivyo miaka. Mwaka 1862 msafiri Mjerumani, von der Decken, akapanda zaidi ya mita 4,000, theluji ikamwangukia hukohuko juu, na bado Cooley hakukubali. Nilipofundishwa hayo darasani tulicheka, tukageuka dirishani tukautazama, siku hiyo umefunga mawingu, hauonekani.

Na Wachaga walikuwa na yao ya zamani zaidi, ambayo Rebmann alisimuliwa, ya mangi, yaani mtawala, wa Machame aliyetuma watu juu wakachukue kile cheupe akidhani ni fedha, wakafa karibu wote, aliyerudi akarudi na mikono na miguu iliyoharibika kwa baridi. Fikiria mtu huyo anarudi kijijini na kusema kuna kitu juu kule kinaunguza kama moto na mkononi kinageuka maji. Mimi ningemwambia nini? Ningemwambia, wewe umelewa.

Kwa hiyo najua kukataa nako ni ujinga, na hauna heshima zaidi kwa sababu umeandikwa London. Lakini nimeigeuza habari hii jioni nzima nikishona, na nimeona tofauti moja. Rebmann aliposema, nyuma yake palikuwa na mlima. Mtu hakulazimika kumwamini wala kumkataa, angefunga safari akaenda. Weupe ule ulikuwepo kabla ya Rebmann na ulikuwepo baada yake. Lakini "nimepona" ya Mama haikuwa mahali ambapo mtu anaweza kwenda. Ilikuwa siku. Ukifika, siku imepita.

Sasa yule mama wa leo. 22 mpaka 6. Naweza kwenda wapi nikaione hiyo sita? Labda ilikuwa mara moja, asubuhi moja njema. Labda pia aliacha soda na kuanza kutembea kwenda shamba, hayo hayasimuliwi maana hayana kapu. Labda majani yanafanya kitu. Sikumuuliza alipima lini mara ya mwisho. Nilikuwa na saa nzima ya kumuuliza, na nilichouliza ni kama yanachemshwa na chumvi.

Nadhani sikutaka kujua. Mtu aliyenyamaza toka Februari akipata wa kumwambia, hamkagui. Alinipa ndizi, akanishika mkono, akaniita mwanangu tangu Tengeru, na mama yangu mwenyewe ni marehemu toka 2017. Hayo yote nilipewa, na hayo siyatilii shaka. Tatizo ni kwamba yalikuja yamefungwa kwenye gazeti moja na ushauri wa kumwaga vidonge.

Vidonge nimekunywa, baada ya chakula, kama kawaida. Majani nimeyaweka kwenye rafu ya jikoni karibu na kipimo. Nilitaka kuyatupa nikaona aibu, kama vile angeniona.

Jioni amekuja mteja kujaribu gauni la sendoff, binti wa Pasua, mcheshi, anazunguka mbele ya kioo huku mimi nimepiga magoti nakunja pindo. Akaliona lile fungu kupitia mlango wa jikoni.

"Hayo majani ya nini, dada?"

"Ya mstafeli."

"Mama mkwe wangu ana sukari, amehangaika mpaka basi. Ati yanasaidia kweli?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Nikazitoa moja moja, nikazichomeka kwenye mto wa pini.

"Leo nimekaa na mama mmoja kwenye kosta," nikasikia sauti yangu ikianza, "yake ilikuwa 22…"