Ulimi wa Baba

Kuna sentensi imenikaa kifuani tangu Alhamisi na haitaki kushuka.

Maombi yalikuwa yamekwisha, tunapanga viti. Yule mama wa maombi (mnamjua, akianza kuomba hata watoto waliolala huamka) akaniuliza Baba anaendeleaje tangu apigwe na kiharusi. Nikamjibu ninavyomjibu kila mtu: "Anakula vizuri, mkono unaanza kupata nguvu, ila bado hawezi kusema."

"Nakataa!" Akainua kiganja juu kama askari wa barabarani. "Usitamke hivyo, mwanangu. Usimkirie baba yako ububu."

"Sikiri, mama. Nakueleza tu hali ilivyo."

"Hali haielezwi, hali inaamriwa. Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Ulimi wako ndio unaoushika ulimi wake."

Nikasema, "Amina."

Wiki yenyewe ilikuwa na mengi ya kuandika: mdogo wangu amevishwa pete, wakaguzi wa hesabu wameondoka ofisini bila mtu kufukuzwa, na kaka hatimaye amekuja nyumbani. Yote hayo yalipita nami nikiwa bado nabishana na yule mama kichwani. Nabishana naye bafuni. Nabishana naye kwenye mkutano wa asubuhi, mpaka bosi akaniuliza kama nina hoja. Katika toleo moja namjibu kwa upole kuhusu Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila mstari hata mmoja wa ushindi, na bado imo ndani ya Biblia, na bado iliimbwa hekaluni. Katika toleo jingine, ambalo nalipenda zaidi ingawa halina upendo, namwomba asome sura hiyohiyo ya Mithali, ya 18, lakini apande juu kidogo kabla hajafika mstari wa 21. Mstari wa 13: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Namsomea taratibu, na watu wote wenye viti mikononi wanasimama kusikiliza. Katika toleo hilo hata sauti yangu ni nzuri kuliko ilivyo.

Halafu nakumbuka kwamba nilisema "Amina" na kuendelea kupanga viti.

Nimekemewa mara nyingi maishani, nimezoea. Hili limeuma kwa sababu lilikuta mlango uko wazi. Usiku ule wa kwanza hospitalini, Mama alikuwa amekaa tu akitazama sakafu, kaka alikuwa mbali. Daktari alipouliza, ni mimi niliyesema, "Hasemi." Neno hilo lilitoka kinywani mwangu kabla ya kinywa cha mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo yule mama aliposema nimeushika ulimi wa Baba, kuna sehemu ndani yangu, ndogo na ya kijinga, iliyomwambia: ulijuaje?

Sehemu iliyobaki inajua vizuri kilichomfunga Baba. Kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Hali hii ya kupotewa na lugha wataalamu wanaiita afasia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa aitwaye Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alielewa mengi aliyoambiwa lakini kila alipotaka kujibu alitoa silabi moja tu, "tan", na mgonjwa yule alipofariki Broca akalikuta jeraha upande huohuo, sehemu ya mbele. Baba hatoi "tan". Yeye anatoa "sawa". Ukimuuliza anataka maji: sawa. Ukimuuliza ni mwaka gani: sawa. Macho yake yanakuambia kwamba amekusikia, amekuelewa, na anajua fika kwamba "sawa" silo neno alilolitaka. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Akili ipo. Mlango ndio umekwama.

Na kalamu nayo haisaidii. Watu wengi wametuambia tumpe daftari. Wanamfikiria Zekaria, yule kuhani wa Luka 1 aliyefungwa kinywa kwa kutoamini, ambaye siku ya kumpa mtoto jina alitaka kibao akaandika, "Jina lake ni Yohana." Lakini Zekaria alikuwa na lugha kamili ndani yake, sauti tu ndiyo iliyozuiwa. Afasia huingia kwenye lugha yenyewe, kwa hiyo mara nyingi huchukua na maandishi. Baba, aliyekuwa mwandishi wa vikao vya wazee wa kanisa na mwenye mwandiko ambao sote tulipigiwa mfano, anashika kalamu na kuchora mstari.

Sasa niambieni, nikisema mtu huyu hawezi kusema, nimemlaani au nimemheshimu? Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alituambia jambo moja la msingi: msijifanye mmemwelewa kama hamjamwelewa. Mpeni muda. Ulizeni maswali ya ndiyo na hapana, aonyeshe kwa mkono. Msimmalizie sentensi, na msimpigie kelele, maana masikio yake hayana tatizo. Ushauri wote huo unaanza na kukubali kwamba hawezi. Mtu akija akamtangazia Baba kwamba anasema vizuri kabisa, nani atabaki kumsaidia kuomba maji?

Mafundisho haya ya kukiri, kwamba unachokitamka ndicho kinachokuwa, nayajua, nimekulia ndani yake kwa upande wa shangazi. Yana historia yake. Yameenea sana kupitia wahubiri wa Marekani kama E. W. Kenyon na baadaye Kenneth Hagin, na yana mistari yake wanayoipenda. Warumi 4:17 ndiyo namba moja, kutaja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako. Ila ukiisoma taratibu, anayetaja hapo ni Mungu. Ibrahimu kazi yake ilikuwa kuamini, tena mstari wa 19 unasema aliufikiri mwili wake mwenyewe uliokuwa umekwisha kuwa kama mfu. Aliutazama. Hakukataa kuuona.

Usiku wa Jumamosi, usingizi ulipogoma, nilikwenda kwa Balaamu. Hesabu 22 hadi 24. Mfalme anamwita nabii wa kukodi, anampandisha mlima baada ya mlima amlaanie Israeli, na nabii kila akifungua kinywa inatoka baraka. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa laana, aliyeahidiwa heshima kubwa, madhabahu saba na ng'ombe juu yake, akashindwa kuwaharibu watu ambao Mungu hakuwalaani. Kisha mimi, binti wa watu, nimechoka, nina kiti cha plastiki mkononi, niweze kumfunga baba yangu kwa kujibu salamu? Nilicheka peke yangu gizani.

Lakini sikulala papo hapo, maana nyuma ya Balaamu alikuja Isaka. Yule mzee kipofu alibariki mtoto asiye sahihi, akagundua, akatetemeka, na hata hivyo hakuweza kurudisha maneno yake. Esau alilia, "Hukunibakizia mbaraka?" Kwa hiyo siwezi kusema maneno ni upepo. Sikuamini hivyo hata kabla ya haya. Yakobo anauita ulimi moto, na Yesu anasema kila neno lisilo maana tutalitolea hesabu. Nimeona ndoa ikifa kwa neno moja lililosemwa mbele ya wakwe. Ninachokataa ni wazo kwamba ulimi una swichi, ukiubonyeza hapa Mungu anafanya kazi, ukiubonyeza pale anazuiwa.

Nilikuwa nimeshayapanga yote haya nimtumie kwa ujumbe mrefu. Kisha Jumapili mchana akaja nyumbani.

Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kumwombea Baba. Na lazima niseme, hata nikiwa na kinyongo, kwamba zile siku za hospitali ni yeye aliyekesha na Mama wakati wengi waliokuwa wakituma "tunawaombea" walikuwa kwao wamelala. Akamsalimu Mama, akauliza dawa, akasimama mbele ya Baba na kuanza. Alianza chini, akapanda. Akaukemea ulimi, akaufungua ulimi, akaamuru kila kamba ikatike. Sauti ikajaa chumba. "Nena, mzee! Nena! Nakuamuru ne..."

"Nyamaza."

Baba. Wazi kabisa, na kituo mwishoni. Sauti ileile iliyokuwa ikituzima utotoni tukigombana wakati wa taarifa ya habari.

Hakuna aliyepumua. Mama akaweka mkono mdomoni. Mdogo wangu akatoka chumbani karibu kukimbia, na tukamsikia akijikaza ukumbini. Mimi nilimtazama yule mama, nikisubiri akasirike, na nakiri nilikuwa na hamu kidogo ya kumwona akikasirika. Akatazama Baba, akatutazama sisi, kisha akacheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Bwana asifiwe," akasema akifuta macho, "amenena!" Na Baba naye, upande ule mmoja wa uso unaofanya kazi, alikuwa anatabasamu.

Mtaalamu alinieleza jana kwamba hilo si ajabu. Maneno yanayofyatuka kwa hisia, matusi, kuhesabu, siku za wiki, nyimbo na sala za kukariri, mara nyingi hubaki hata pale sentensi za kutunga zinapopotea. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 wako wanaotumia mahadhi ya kuimba kuwasaidia wagonjwa kurudisha maneno. Sikumwambia yule mama maelezo hayo. Alikuwa amekaa karibu na Baba, amemshika mkono usiosikia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikaa muda mrefu bila kusema kitu. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo siku saba mchana na usiku, na ndiyo sehemu ya ziara yao ambayo Mungu hakuilalamikia.

Alipoondoka nilibaki na wazo la sala za kukariri. Baba alitubariki kila usiku tulipokuwa wadogo, mkono kichwani, maneno yaleyale ya Hesabu 6, hata siku alizotuchapa. Mdogo wangu anaolewa, na tangu pete ile hajasema lakini najua anachokiwaza: nani atambariki, na kwa maneno gani. Basi jioni nilipiga magoti karibu na kiti, nikajiona mjinga, nikaanza polepole, "Bwana akubarikie..."

"...na kukulinda," akasema Baba.

Nikanyamaza. Akaendelea mwenyewe. "Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili. Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani." Ulimi mzito, lakini hakuna neno lililopotea. Nikamuuliza, "Baba, unataka maji?" Akasema, "Sawa," akatikisa kichwa kwa hasira kwamba siyo.

Nimelifikiria hilo mpaka sasa. Je, ni baraka, kama maneno yanajiendea yenyewe kwenye njia yaliyoizoea, bila yeye kuyatunga? Nilirudi kusoma. Haruni naye hakutunga. Aliambiwa aseme hivi na hivi, neno kwa neno, na mstari wa 27 unasema wao wataliweka jina langu juu ya wana wa Israeli, "nami nitawabarikia." Kazi ya kuhani ni kulitaja. Kubariki ni kwa mwingine. Kwa kipimo hicho Baba hajapungukiwa na kitu, na mdogo wangu nitamleta apige magoti palepale, nitaanza neno la kwanza kisha nitasogea.

Yule mama amenitumia ujumbe asubuhi hii: "Baba anaendeleaje?" Nimeandika, "Bado hawezi kusema, ila anabariki." Amejibu kwa vicheko na "Amina", na sijui Amina yake ni ya aina gani, kwa kuwa yangu ya Alhamisi naijua.

Jambo jingine kabisa. Mwalimu wa kitinda mimba wetu ameandika kwenye daftari kwamba mtoto anasogea mbele kila mara kusoma ubao, na jana nilimwona akitazama simu kwa jicho moja. Upande wa Mama wote walivaa miwani mapema, lakini huyu bado mdogo mno, na nimeshamaliza ruhusa zangu zote kazini kwa ajili ya Baba. Nitamwomba kaka ampeleke akapimwe kabla hajasafiri, kama atakubali kuamka asubuhi.