Nalipwa Kutazama Maji: Siku Moja Kwenye Kiti cha Mwokoaji

Nikitaja kazi yangu watu hucheka. "Yaani unalipwa kukaa kitini kuota jua?" Haya, njooni tushinde wote.

Saa 11:45 alfajiri. Bwawa halina mtu. Nasimama ukingoni upande wa kina kirefu, nalitafuta kwa macho chujio lililo sakafuni. Nisipoliona vizuri, haingii mtu, kwa sababu maji yanayoficha chujio yanaweza kumficha mtoto. Kisha napima klorini na pH (kipimo cha asidi kwenye maji), ambayo inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8. (Ile harufu kali mnayodhani ni klorini kuzidi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo. Wa mkojo mnajijua.)

Saa 12:30 wanaingia waogeleaji wa asubuhi. Wanakwenda na kurudi kwenye mistari yao, hawana neno na mtu.

Saa 3 wanakuja watoto wa mafunzo, na hapo kazi inaanza. Tunabadilishana viti kila baada ya dakika 20 hadi 30. Wageni hudhani tunabembelezwa, kumbe ni macho ndiyo yanayochoka. Mwaka 1948 mtafiti wa Uingereza, Norman Mackworth, aliwakalisha watu kwa muda wa saa mbili wakitazama mshale unaozunguka na mara mojamoja kuruka hatua mbili badala ya moja. Nusu saa ya kwanza haijaisha vizuri, walishaanza kuikosa ile miruko. Hawakuwa wavivu, ndivyo akili ilivyo pale isipotokea kitu.

Kanuni tuliyofundishwa ni 10 na 20: sekunde 10 kulipitia eneo lako lote kwa macho, juu hadi sakafuni, na sekunde 20 kumfikia mwenye shida. Wanapopiga kelele na kurushiana maji sina wasiwasi sana. Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini aliyeitunga sijui alikuwa anamtazama nani. Anayezama kweli hapungi mkono wala haiti, maana pumzi yenyewe haipati, sauti ataitoa wapi? Mwokoaji wa New York, Frank Pia, alilieleza hilo miaka ya 1970: mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji ubavuni, mwili umesimama wima. Sekunde 20 hadi 60, kisha anakwenda chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi hufa maji kila mwaka, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Saa 8 mchana jua lilikuwa limelala juu ya maji, nusu ya eneo langu ikawa inameremeta tupu. Nikahamisha kiti. Ndipo akaja yule bwana.

"Kijana, mwanangu amefukuzwa upande wa kina."

"Shikamoo mzee. Ndiyo, kule haruhusiwi."

"Marahaba. Ana maboya mikononi, hujayaona?"

"Nimeyaona. Yale huchomoka, mzee. Mtoto wa umri ule awe na mtu mzima anayeweza kumgusa kwa mkono."

"Unanijibu huku unatazama kwingine?"

Akazunguka, akaja kusimama mbele yangu hasa. Nikainama kushoto, naye akainama kushoto. Nikamwomba kwa adabu asogee, kuna watu nyuma yake. Akaona namfukuza. "Mimi nikizungumza na mtu, ananitazama. Kwenu hawakukufundisha?"

Walinifundisha. Mzee akisema unamgeukia, unasikiliza mpaka amalize, na kumpa jibu la pembeni kunanikera mimi kuliko kunavyomkera yeye. Lakini nikiwa kitini macho si yangu. Mpaka mwenzangu aseme "nimelishika eneo lako", siwezi kumpa mtu macho hayo hata kwa heshima.

Juu ya bega lake nikaona kichwa. Binti wa miaka kama saba, pale sakafu inapoanza kuteremka. Nywele zimemfunika macho, hazitoi. Kidevu juu, mdomo usawa wa maji. Mikono inakwenda kama anayepanda ngazi isiyokuwepo. Nikapiga filimbi ndefu, boya kwapani, ndani.

Maji yaliniishia kifuani. Nilipomnyanyua alikohoa, akalia, akadai miwani yake ya kuogelea. Shangazi yake alikuwa hatua chache tu, anaongea na mwenzake. "Si alikuwa anacheza?" akaniuliza, na nilimwamini kabisa kwamba hakusikia kitu. Hakukuwa na cha kusikia.

Tukamtoa, akaangaliwa kifua, wazazi wakaambiwa wamwahishe hospitali akianza kukohoa mfululizo au kuhema kwa shida. Nikarudi nachuruzika. Yule bwana bado yupo.

"Ndiyo unaniacha katikati ya maneno?"

Akaenda kwa meneja.

Baada ya hapo saa sikuzifuata tena. Alasiri, jioni, sijui. Shingo iligoma, macho yakawasha, vichwa vyote vikafanana. Najilazimisha kuhesabu: walikuwa wanane, sasa saba, wa nane yuko wapi? Simwachi mpaka nimwone, hata kama ameketi kwenye ngazi anakula vidole. Nabadilisha mkao, nasimama, najisemea kimoyomoyo ninachokiona.

Tulipofunga, tukapita tena ukingo mzima tukiangalia sakafu, hata pale tulipojua hakuna mtu. Kisha ofisini, fomu mbili. Ya kumtoa mtoto majini ilikuwa nusu ukurasa, unaweka tiki. Ya malalamiko ilikuwa ndefu, na katikati kuna swali: je, mfanyakazi alimpa mteja usikivu wake wote?

Nikaandika: Hapana. Mteja alikuwa nchi kavu.